Kutoa usimbaji wa VPN nje ya kerneli: mwongozo kwa ofisi za Minembwe na Baraka

Minembwe iko kwenye nyanda za juu za wilaya ya Fizi nchini Kongo, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ofisi yenye kompyuta mbili tatu huko huishi kwa paneli za jua na batri, na intaneti yake hupita hewani: kwa mnara wa simu pale rezo inapokamata, au kwa antena ya setilaiti iliyofungwa juu ya bati. Huko chini, kando ya Ziwa Tanganyika, Baraka ina soko na maboti yanayokwenda Uvira. Lakini fundi wa kompyuta wa Baraka na mwenzake wa Minembwe wana swali moja: faili za ofisi zipite vipi kati ya mlima na ziwa bila mtu wa katikati kuzisoma?

Si swali la anasa. Nyuma ya kila tarakimu ya zoni ya afya kuna daftari la wagonjwa. Mashirika ya misaada hubeba orodha za waliohama. Katika nyanda ambazo mapigano yamewafukuza watu makwao mara kwa mara tangu mwaka 2017, jina la mtu na kijiji chake hutosha kuonyesha ni wa jamii gani. Orodha ya namna hiyo ikishavuja, hakuna wa kuirudisha.

Sehemu ya kazi imeshakingwa bila jitihada za fundi. Mfumo wa DHIS2, ambao wizara ya afya ya Kongo huutumia kukusanya takwimu, hufunguliwa kwenye kivinjari kwa https, na https tayari inasimba kila kinachopita. Ofisi inayotuma ripoti hiyo peke yake haihitaji mwongozo huu. Anayeuhitaji ni yule mwenye folda ya pamoja, programu ya zamani ya mishahara, au hifadhidata iliyoandikwa na fundi wa hapohapo: vitu vilivyotengenezwa kwa matumizi ya chumba kimoja, visivyojua kusimba, lakini sasa vinatakiwa vifanye kazi toka kituo kimoja hadi kingine.

Kwa huyo, jibu ni VPN, yaani handaki lililosimbwa linalounganisha vituo viwili kupitia intaneti. Aina inayozungumzwa hapa ni IPsec, na programu ni strongSwan, ambayo ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ililelewa kwa miaka mingi katika chuo cha sayansi tumizi cha Rapperswil nchini Uswisi.

IPsec ina kazi mbili. Ya kwanza ni mazungumzo: pande mbili hutambuana na kukubaliana funguo kwa itifaki ya IKEv2, na anayeyaendesha ni programu inayoitwa charon. Ya pili ni kubeba mizigo: kila paketi husimbwa, hutumwa, kisha husimbuliwa upande wa pili, kwa itifaki ya ESP. Kwenye Linux, kazi hii ya pili kwa kawaida ni ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Charon huipa kerneli funguo, kisha hukaa pembeni.

Taabu huanza pale kerneli inapokuwa haina uwezo huo, au inapokuwa si yako. Seva ya bei ndogo inayokodishwa kwa mwezi mara nyingi si kompyuta kamili, ni chumba ndani ya kompyuta ya mtu mwingine: wapangaji wote hutumia kerneli moja, na mwenye nyumba hawaruhusu waguse IPsec yake. Ruta ndogo nazo huja na kerneli iliyopunguzwa ili itoshe kwenye hifadhi finyu, na moduli za IPsec huwa kati ya vitu vya kwanza kuachwa. Halafu kuna mashine za zamani ambazo kerneli yake haijui mbinu mpya za usimbaji, na kuibadilisha ni kuhatarisha kifaa kizima.

Kwa hali hizo, tangu toleo la 5.1.0 la mwaka 2013, strongSwan ina programu-jalizi iitwayo kernel-libipsec. Inamwachia charon mwenyewe kusimba na kusimbua paketi, nje ya kerneli, kama programu yoyote ya kawaida. Kinachohitajika kwa kerneli ni kimoja tu: kifaa cha TUN, yaani kadi ya mtandao ya kubuni ambayo upande wake mmoja uko kwa kerneli na mwingine umeshikwa na programu. Aliyewahi kutumia strongSwan kwenye simu ya Android ameshaitumia maktaba hiyohiyo, kwa kuwa Android hairuhusu programu ya kawaida kuigusa IPsec ya kerneli.

Gharama yake ni mwendo. Paketi inayotoka kwenye kompyuta ya mhasibu huingia kwenye kerneli, hupandishwa kwa charon kupitia TUN, husimbwa, kisha hushushwa tena kwenye kerneli ili itoke kwenye antena. Ni kama gunia la maharagwe linalopakuliwa na kupakiwa upya njiani: linafika, lakini wapagazi wamechoka mara mbili. Kwenye seva zenye intaneti ya gigabiti, hasara hiyo ni kubwa na haifai. Ndiyo sababu dunia kwa jumla inaelekea upande wa pili: WireGuard iliingizwa ndani ya kerneli ya Linux katika toleo la 5.6 la mwaka 2020, na OpenVPN, ambayo siku zote ilisimba nje ya kerneli, ilianza kuihamishia data yake ndani katika toleo la 2.6 la mwaka 2023.

Hata hivyo hesabu ya Minembwe ni tofauti na ya seva hizo za gigabiti. Pale ambapo njia yenyewe ni megabiti chache, na siku ya mvua hupungua zaidi, kinachobana ni antena, si prosesa. Charon anaweza kuwa mzito mara kadhaa kuliko kerneli na mtumiaji asione tofauti yoyote, kwa kuwa paketi zinasubiri foleni ya setilaiti hata hivyo. Basi usiogope programu-jalizi hii kwa sababu ya vipimo vya watu wenye kebo ya nyuzi. Pima njia yako kwanza.

Na kabla ya kuweka chochote, uliza kama unaihitaji. Fungua dirisha la amri kama mtumiaji mkuu, uandike:

ip xfrm state

Ikinyamaza bila kuandika kitu, kwa kawaida kerneli yako inaijua IPsec. Itumie, uachane na mengine yote, kwa kuwa ni nyepesi na hula umeme kidogo. Ikirudisha kosa, endelea. Hatua inayofuata ni TUN:

ls -l /dev/net/tun

Faili hiyo isipokuwepo, jaribu modprobe tun. Kwenye seva ya kukodi, amri hiyo haitafaulu ukiwa ndani ya chumba chako. Tafuta kitufe cha TUN kwenye ukurasa wa usimamizi, au mwandikie mwenye seva akuwashie. Asipokubali, hama mapema, kwa kuwa bila TUN hakuna njia.

Upande mmoja tu ukiwa na shida, weka programu-jalizi upande huo peke yake. Paketi za libipsec ni za IPsec ya kawaida, na upande wa pili unaweza kubaki na kerneli yake bila kujua tofauti.

Kupata programu-jalizi yenyewe kunategemea mashine. Kwenye ruta ya OpenWrt yenye opkg, ni opkg install strongswan-mod-kernel-libipsec pamoja na kmod-tun. Kwenye usambazaji mwingine wa Linux, itafute kati ya pakiti za ziada za strongSwan. Isipokuwepo, jenga kutoka kwenye msimbo kwa kuongeza --enable-kernel-libipsec kwenye amri ya ./configure. Kazi ya kujenga ifanyike Baraka au Uvira, mahali penye umeme wa kutosha na data ya bei nafuu, kisha mashine ipande mlimani ikiwa tayari. Wanaojaribu kupakua vifaa vyote vya ujenzi kwa setilaiti humaliza uniti kabla ya kumaliza kazi.

Sasa fungua faili ya kernel-libipsec.conf ndani ya /etc/strongswan.d/charon, uhakikishe imeandikwa load = yes. Usiondoe programu-jalizi ya kernel-netlink. Wengi huiondoa wakidhani zinagombana, kumbe bado inahitajika kusimamia anwani na njia za mtandao. Kilicho muhimu ni kwamba libipsec ipakiwe kabla yake, na mpangilio wa kawaida wa strongSwan unafanya hivyo. Washa huduma upya, kisha uulize swanctl --stats. Kwenye orodha ya programu-jalizi zilizopakiwa, jina la kernel-libipsec lionekane. Ukiandika ip link utaona pia kadi mpya iitwayo ipsec0.

Mfano wa usanidi ni huu, kwa ofisi ya Minembwe inayofikia seva yenye folda na programu ya mishahara. Anwani ya 203.0.113.10 ni ya kielelezo. Weka ya seva yako. Faili ni /etc/swanctl/swanctl.conf.

connections {
  mlima {
    version = 2
    remote_addrs = 203.0.113.10
    keyingtries = 0
    dpd_delay = 60s
    local {
      auth = pubkey
      certs = minembwe.pem
    }
    remote {
      auth = pubkey
      id = seva.ofisi
    }
    children {
      ofisi {
        local_ts = 10.20.1.0/24
        remote_ts = 10.20.0.0/24
        esp_proposals = chacha20poly1305-x25519
        start_action = start
        dpd_action = restart
      }
    }
  }
}

Baraka inapata faili kama hiyo, ila local_ts yake ni 10.20.2.0/24 na cheti chake ni kingine. Usitoe cheti kimoja kwa ofisi mbili. Mashine moja ikiibwa, unataka uweze kufuta cheti chake peke yake na kuacha nyingine ikifanya kazi.

Kuna mistari inayostahili maelezo. Mbinu ya ChaCha20-Poly1305 imechaguliwa kwa makusudi. AES ni nyepesi kwenye prosesa zenye maelekezo yake maalumu, lakini kompyuta ndogo za Raspberry Pi 3 na Pi 4 hazina maelekezo hayo, wala ruta nyingi ndogo. Kwenye mashine hizo ChaCha20 huchosha prosesa kidogo, na prosesa isiyochoka haimalizi batri. Amri ya swanctl --list-algs itakuonyesha kama mashine yako inayo. keyingtries = 0 maana yake charon asikate tamaa: antena ikizimwa usiku kwa kuokoa batri, asubuhi aendelee kujaribu mpaka apate. Kwa kawaida ujumbe wa IKE usiojibiwa hurudiwa baada ya sekunde 4, halafu kwa vipindi vinavyorefuka, na ni baada ya sekunde 165 ndipo upande wa pili huhesabiwa kuwa umepotea. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 angani huchelewesha jibu kwa zaidi ya nusu sekunde, kwa hiyo muda huo unatosha sana, usiuguse.

Anwani zinadai uangalifu zaidi kuliko kitu kingine chochote hapa. Kila mashine iwe na anwani yake yenyewe ndani ya eneo lililoandikwa kwenye local_ts, la sivyo programu-jalizi haitaweza kuandika njia, na handaki litaonekana liko hai huku hakuna kinachopita. Kwenye seva ya kukodi, ambayo kwa kawaida ina anwani ya nje tu, ongeza ya ndani:

ip addr add 10.20.0.1/32 dev lo

Vilevile anwani ya nje ya seva isiangukie ndani ya remote_ts. Ikiangukia humo, paketi zilizokwisha kusimbwa zinaweza kurudishwa kwenye ipsec0 zisimbwe tena, zikizunguka bila kutoka. Tatizo hilo hutatuliwa kwa alama za fwmark, lakini ofisi ndogo haina sababu ya kuingia huko. Itenganishe maeneo ya anwani tangu mwanzo.

Ngome ya mtandao (firewall) nayo inabadilika. Fundi aliyezoea IPsec ya kerneli huandika kanuni zenye -m policy, zinazoruhusu kilichotoka kwenye handaki peke yake. Kanuni hizo hazishiki tena, kwa kuwa kerneli haijui kwamba kuna IPsec. Inaona paketi za kawaida zikiingia kutoka ipsec0. Ruhusu basi kwa jina la kadi:

iptables -A INPUT -i ipsec0 -j ACCEPT
iptables -A FORWARD -i ipsec0 -j ACCEPT

Kwa mashine inayohudumia kompyuta nyingine za ofisi, ongeza sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1. Kwa upande wa nje, poti za UDP 500 na 4500 ndizo zinazotakiwa kuwa wazi kwenye seva, basi.

Libipsec husafirisha ESP ndani ya UDP tu, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2005 katika RFC 3948. Kwingineko hilo huhesabiwa kuwa upungufu. Huku halipunguzi kitu: mitandao ya simu, na huduma ya setilaiti ya Starlink kwa kawaida, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na ESP isiyofunikwa na UDP isingepenya hata hivyo. Ili mlango huo usijifunge handaki linapokaa kimya, charon hutuma paketi ndogo kila sekunde 20. Kila moja ina baiti 29, kwa hiyo kwa siku nzima ni karibu kilobaiti 125. Mwenye kununua data kwa megabaiti asiihofie.

Ukishaandika, pakia kwa swanctl --load-all, kisha utazame swanctl --list-sas. Sasa fanya majaribio matatu mafupi. Kwanza rudia ip xfrm state kwenye mashine yenye libipsec ambayo kerneli yake inaijua amri hiyo: itakuwa tupu ingawa handaki linafanya kazi, na hapo ndipo unaona kwa macho kwamba usimbaji hauko kwa kerneli. Pili, ip route show table 220 ionyeshe 10.20.0.0/24 ikielekea ipsec0. Tatu, fungua madirisha mawili, moja likiendesha tcpdump -i ipsec0 na lingine tcpdump kwenye kadi ya antena. Tuma ping kwa 10.20.0.1. Kwenye dirisha la kwanza utasoma ping na majibu yake waziwazi. Kwenye la pili, kwa ping hiyohiyo, zitapita paketi za UDP 4500 tu, zisizosomeka. Mkuu wa ofisi akiwa na shaka, mwite aangalie madirisha hayo mawili.

Ping ikipita lakini folda kubwa inakwama, tatizo karibu kila mara ni ukubwa wa paketi. Vifuniko vya IPsec na UDP huongeza baiti zaidi ya 60, na njia ya setilaiti au simu huweza kuwa finyu tayari. Punguza:

ip link set dev ipsec0 mtu 1300

Kuna kasoro nyingine inayowachanganya mafundi wa sehemu zisizo na umeme wa uhakika. Raspberry Pi 4 na ndugu zake wa zamani hawana saa yenye batri. Umeme ukikatika usiku kucha, mashine huamka ikiamini bado ni jana, au hata miezi iliyopita, na cheti cha upande wa pili kinaweza kuonekana kama hakijaanza kutumika. Charon hukataa, logi inalalamika kuhusu cheti, na fundi anatengeneza vyeti vipya bure. Nunua moduli ya saa yenye batri ya kifungo, au panga mashine ipate saa kwa NTP moja kwa moja kwenye intaneti, nje ya handaki, kabla ya strongSwan kuwashwa.

Kuhusu nguvu, tazama top wakati faili kubwa inapita, uone charon anachukua kiasi gani cha prosesa, kisha upime kwa iperf3 ndani ya handaki na nje yake. Tofauti ikiwa ndogo, umemaliza. Ikiwa kubwa na ruta imezidiwa, WireGuard ni ya kufikiriwa, kwani nayo ina toleo linaloendeshwa nje ya kerneli, wireguard-go, linalohitaji TUN vilevile na usanidi mfupi zaidi. IPsec inabaki na faida moja kwa mashirika makubwa: huelewana na vifaa vya makampuni mengi, na makao makuu ya Kinshasa au Geneva huenda tayari yanayo.

VPN hulinda kinachosafiri. Hailindi kompyuta iliyoachwa mezani watu wanapokimbia, wala faili zilizolala kwenye seva ya mtu mwingine. Simba diski ya kila kompyuta inayobeba majina, na kwenye seva ya kukodi weka faili zilizokwisha kusimbwa, zifutwe zikishachukuliwa. Pia haitibu ukimya wa rezo. Serikali ilipokata intaneti nchini kote kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, hakuna handaki lililosaidia kwa siku karibu 20. Ofisi iliyokuwa na nakala ya karatasi iliendelea na kazi.

Kwa upande wa sheria, Kongo ina Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inagusa pia huduma za usimbaji, na msimamizi wa mawasiliano ni ARPTC. Mamlaka hiyohiyo ilikataza Starlink mwezi Machi 2024, kisha ikaipa leseni mwaka 2025. Shirika linaloweka antena au VPN liwe na barua zake mkononi, hasa katika wilaya yenye vizuizi vingi barabarani.

Mwisho wa kazi, nakili /etc/swanctl na /etc/strongswan.d kwenye kadi mbili za kumbukumbu. Moja ikae Minembwe kwenye kabati lenye kufuli, nyingine Baraka, zote zikiwa zimesimbwa, kwa sababu ndani yake mna ufunguo wa siri wa ofisi. Barabara ikifungwa na mashine ikaungua, mtu aliyeko mlimani ataweza kuchomeka kadi kwenye Pi nyingine yenye strongSwan, kusimbua faili na kuzirudisha mahali pake, kisha kuwasha huduma upya na kuandika swanctl --load-all bila kumsubiri fundi apande.